Gateway: kinachobishaniwa ni mzingo au ni kituo?

Mleta mada

Wadau, tuliweke hili mezani. Mei 2025 Ikulu ya Marekani ilipendekeza Gateway, kile kituo cha anga kilichopangwa kuzunguka Mwezi, kifutwe kwenye bajeti. Julai hiyohiyo Bunge lao likakitengea dola bilioni 2.6. Hela siyo yangu, mimi nauliza njia.

Wanaanga wa Apollo walikwenda Mwezini kwa siku tatu, wakafunga breki, wakawa kilomita 110 hivi juu ya Mwezi, wanauzunguka kila baada ya saa mbili, halafu wawili wanashuka. Gateway ilipangiwa mzingo (njia ya kuuzunguka Mwezi) mrefu kama yai lililovutwa. Unapita kama kilomita 1,600 juu ya ncha ya kaskazini, kisha unatokomea hadi kilomita 70,000 upande wa kusini. Mzunguko mmoja unakula siku sita na nusu! Anayetaka kutua anaanzia huko. Kwa nini tuzungushwe?

Msimamo wangu: mzingo huu haukuchaguliwa kwa uzuri wake. Orion, chombo cha NASA cha kubeba wanaanga, haina mafuta ya kufika panapotakiwa, basi. Anayepinga aje na hesabu.

Tishari

Mkuu, hesabu hii hapa. Orion ina uzito wa kama tani 26, na mafuta yake ni tani 8.6. Chombo mama cha Apollo kilikuwa na tani 29 hivi, mafuta peke yake tani 18, na kilikifungia breki chombo cha kutua pia. Kuingia mzingo wa chini ukitokea Duniani lazima upunguze kasi kwa karibu mita 900 kwa sekunde. Kutoka ni kiasi hichohicho. Jumla 1,800. Mafuta ya Orion hayatoshi kubadili kasi hata kwa 1,400.

Meli ikizidi kina cha bandari hutia nanga nje, matishari yakaenda kufuata mzigo. Hilo halina ubishi. Ubishi ni kwa anayetaka kujenga hoteli pale penye nanga. Tena gharama haikuondoka, imehamia kwenye tishari, yaani chombo cha kutua: kutoka mzingo wa Gateway hadi mzingo wa chini ni kama mita 730 kwa sekunde, na mkirudi juu mnalipa tena.

Bamvua

Mnausifia mzingo wa chini kama mkeka wa kulalia. Miamba ya Mwezi haina uzito sawa kila mahali. Chini ya yale mabonde meusi tunayoyaona kwa macho kuna malundo mazito yanayokivuta chombo huku na huku. Apollo 16 waliacha setilaiti ndogo kule Aprili 1972. Siku 35 tu, ikajibamiza. Ipo mizingo michache ya chini inayotulia, kwa mfano ule ulioinama nyuzi 86 hivi, lakini huchagui tu popote.

Sasa tazama huu mnaouita wa kuzungushwa. Unatumia mvutano wa Dunia na wa Mwezi kwa pamoja, kwa hiyo kukishikilia kituo mahali pake hakuhitaji hata mita kumi kwa sekunde kwa mwaka mzima. Unaiona Dunia muda wote. Kivuli hukutana nacho mara chache, paneli za jua zinafanya kazi. Na chombo kikiwa mbali huenda taratibu, maana yake sehemu kubwa ya zile siku sita na nusu kinaning'inia juu ya kusini, kulekule kunakotafutwa barafu. Kwa mawasiliano na watu walio ncha ya kusini, unataka nini zaidi?

Na siyo nadharia. CAPSTONE, kidude cha kilo 25, kilirushwa New Zealand tarehe 28 Juni 2022 na kuingia mzingo huohuo tarehe 13 Novemba.

Mgeni jukwaani

Miezi minne na nusu? Apollo siku tatu. Si kimepotea njia hicho?

Bamvua

Hakikupotea, kilibana matumizi. Kilisukumwa mbali sana, zaidi ya kilomita milioni moja, Jua likakivuta na kukigeuzia njia, kikaufikia Mwezi kikiwa na kasi ndogo, breki kidogo tu. Hiten, chombo cha Japani, ilishafanya hivyo 1991. Mzigo unaweza kusubiri. Binadamu anakula.

Tishari

Binadamu pia anaumia. Mtu akivunjika mguu kule ncha ya kusini, chombo mama kiko kilomita elfu sabini na kitapita karibu baada ya siku kadhaa. Kwenye mzingo wa chini kingekuwa kinapita juu yake kila saa mbili. Hili mbona unalikwepa?

Bamvua

Silikwepi. Lakini kumfikisha mgonjwa kwenye chombo mama siyo kumfikisha nyumbani. Mzingo wa chini unaopita juu ya ncha zote mbili una ulalo wake, yaani upande ulioelekea, na ulalo huo hupangana vizuri na njia ya kurudi Duniani kama mara mbili kwa mwezi. Nje ya hapo unalipa mafuta mengi kuugeuza, na tumeshasema mafuta hayapo.

Mleta mada

Hapo nakubali nusu. Mzingo una hoja, nilikuwa nimeukadiria vibaya. Ila ona: mpango wa Artemis III, safari ya kurudisha watu Mwezini, jinsi NASA walivyouchora mwanzo ulikuwa Orion na chombo cha kutua vikutane kwenye mzingo huohuo, viungane, watu wahame, washuke. Gateway haikuwemo. Kumbe tunatetea vitu viwili kwa jina moja! Bamvua umetetea mzingo, sijakusikia ukitetea kituo.

Bamvua

Kituo kilipangwa kwa safari za baadaye. Na kina Wazungu, Wajapani, Wakanada na Waarabu wa Emirati ndani yake. Ukikifuta unawaambia nini?

Tishari

Hiyo ni siasa, siyo mzingo. Wachina wanapanga kurusha chombo cha watu na cha kutua kwa roketi mbili, vikutane mzingo wa chini, washuke kabla ya 2030. Kituo hakuna. Na mawasiliano yao wameyaachia Queqiao-2, setilaiti tu, inayouzunguka Mwezi.

Mgeni jukwaani

Na wao mgonjwa wao wakikosa ulalo?

Tishari

Watabeba mafuta.