Naomba ushauri: mama awekewe mpira wa kulishia au tuache?

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwa mliowahi kuuguza mzazi mpaka mwisho.

Mama ana miaka 81, na ugonjwa wa kusahau umefika hatua za mwisho. Haongei, hatembei. Tangu mwezi uliopita chakula kinakaa mdomoni, akimeza anapaliwa. Nimonia imempata mara 2. Daktari ametuuliza kama tunataka awekewe mpira wa kulishia tumboni, lakini ametueleza wazi kwamba katika hatua hii mpira hauzuii nimonia wala haurefushi maisha. Yeye anashauri tumlishe kwa mkono, kidogo kidogo, kile anachokiweza, na apate tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na kumpa faraja.

Mimi nakubaliana naye. Kaka yangu mkubwa hataki kusikia, anasema tunamuua mama kwa njaa. Tumekaa kikao mara 2, daktari akiwepo, tukaishia kulia tu.

Mama hakuacha maandishi. Ila tulipokuwa tukimuuguza bibi aliniambia, "Mimi msije mkanitia mipira." Tulikuwa wawili tu, kaka hakusikia, na sasa anaona natunga.

Jana nilimpelekea kijiko cha maziwa, akafumba midomo, akageukia ukutani.

Mliopitia hili, mlimwelewesha vipi ndugu anayeona kuacha mpira ni kumtelekeza mgonjwa? Na akifumba mdomo hivyo, niache kabisa au nijaribu tena baadaye?

Daktari anasubiri jibu letu keshokutwa.