Mjadala: Hudud mikononi mwa wenye bunduki, ni sheria au ni tangazo la utawala?

Wadau, salaam. Kundi la wenye siasa kali likishateka mji, habari za mwanzo kutoka huko ni fulani kachapwa viboko uwanjani, mwingine kakatwa mkono. Hapo ubishi unaanza, na huwa na kambi mbili tu: "huo si Uislamu" na "huo ndio Uislamu wenyewe". Mimi nazikataa zote. Adhabu hizo, yaani hudud (adhabu zilizokwisha wekwa kwa makosa maalumu; moja yake huitwa haddi), zimo katika vitabu vya fikihi, elimu ya sheria ya Kiislamu, na kuona haya hakuzifuti. Lakini makundi haya yamechukua orodha ya adhabu yakaacha sheria ya ushahidi, na yamefanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu yanachokitafuta pale uwanjani ni kujulikana nani anatawala.

Tuchukue wizi. Suratul Maida aya ya 38 inataja kukatwa mkono. Mafakihi wakauliza: kimeibwa nini, kina thamani gani, kilikuwa wapi? Kwa madhehebu ya Shafii kiwango cha chini ni robo dinari, kwa madhehebu ya Hanafi dirhamu 10. Kitu kiwe kilihifadhiwa mahali pake. Mwizi awe baleghe mwenye akili, asiwe na hisa katika mali hiyo, asiwe ameiba kwa kusukumwa na njaa. Khalifa Umar aliisimamisha adhabu hii mwaka wa ukame mkubwa, mwaka 18 Hijria (leo kuna vijana wangemwita murtadi, aliyetoka katika Uislamu, kwa hilo). Kwa zinaa wanatakiwa mashahidi 4 walioliona tendo lenyewe, na anayetuhumu mwanamke bila kuwaleta huchapwa yeye viboko 80. Juu ya yote hayo ipo kanuni kwamba hudud huondolewa kwa shubha: kadhi akiingiwa na shaka, haddi imeanguka. Ukiyapanga masharti haya pamoja unaona wazi kwamba walioyaweka hawakuwa na haraka ya kumwaga damu.

Sasa tazameni Kismayo, Somalia, Oktoba 2008. Al-Shabaab, kundi lenye silaha linalopigana na serikali ya huko, waliua kwa mawe, mbele ya umati, msichana waliyesema ni mzinifu. Amnesty International ilieleza kuwa alikuwa na miaka 13, na kwamba alikwenda kwao kushitaki kuwa amebakwa na wanaume watatu. Katika fikihi ya madhehebu yote asiyebaleghe hana haddi, na aliyelazimishwa hana haddi. Kwa maelezo hayo, kinga ya pili binti huyo alikuwa nayo. Watuhumiwa hawakukamatwa. Hapo nani ataniambia palikuwa na kadhi?

Linganisheni na Katsina, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 2002 mahakama ya chini ya sharia ilimhukumu mwanamke mmoja kupigwa mawe. Septemba 2003 mahakama ya rufaa, nayo ya sharia, ilifuta hukumu. Miongoni mwa sababu: aliketi hakimu mmoja badala ya watatu, na kukiri kwake hakukuchukuliwa ipasavyo. Kitabu ni kilekile, ila huku palikuwa na wakili, muda, na mahakama ya juu ya kukimbilia.

Halafu kuna taaziri, na hapa ndipo pana uwanja mpana ambao wengi hatuutazami. Hudud ni chache, zinahesabika. Taaziri ni adhabu anayoikadiria kadhi kwa makosa yasiyo na haddi, na kwa mtu mwenye bunduki hilo ni sawa na hundi iliyotiwa saini bila kiasi. Sigara, muziki, urefu wa suruali, mwanamke kutoka bila mahramu (mumewe au ndugu wa kiume wa karibu), vyote vikaingia humo. Ipo hadithi sahihi inayokataza kuzidisha viboko 10 nje ya haddi. Wanazuoni wamehitilafiana namna ya kuitumia, lakini polisi wa hisba, yaani wa maadili, wa Raqqa (Syria) au Timbuktu (Mali) enzi za makundi haya sidhani kama walipoteza usiku kuijadili.

Naomba hoja, si matusi.

*Mchangiaji wa kwanza:*
Mleta mada, unawapamba mafakihi mno. Masharti ni maneno ya watu, na adhabu ni maandishi ambayo mwenyewe umesema hayafutiki. Maadamu kupigwa mawe kumo vitabuni, atatokea wa kutekeleza. Na umejipiga mwenyewe na mfano wa Katsina: aliyetoa hukumu ya kifo hakuwa Boko Haram, wale wapiganaji wa Nigeria, alikuwa hakimu wa serikali. Mama yule aliokolewa na kelele za dunia nzima.

*Mchangiaji wa pili:*
Ndugu zangu, mnazungumza kama watu wenye mahakama nzuri. Wasomali wanaoishi upande wa serikali, mpaka wa Mogadishu, hupeleka kesi za ardhi kwenye mahakama za al-Shabaab. Hawaendi kwa kupenda kukatwa mikono. Wanakwenda kwa sababu kesi inaisha haraka, hakimu haulizi wewe ni wa ukoo gani, na hukumu inatekelezwa. Mkilikwepa hilo, mjadala wote ni hewa. Na Taliban wa Afghanistan je? Hao ni serikali, wana makadhi.

*Mleta mada:*
Mkuu wa kwanza, kelele zilisaidia, sikatai. Lakini majaji wa rufaa walihitaji sababu za kisheria na wakazikuta ndani ya fikihi yenyewe. Ukiniambia fikihi haina pa kushika, unawapa wenye siasa kali ushindi ambao wanazuoni zaidi ya 120 waliwanyima mwaka 2014, walipomwandikia al-Baghdadi, kiongozi wa ISIS wakati huo, kwamba ni haramu kusimamisha hudud bila taratibu zinazohakikisha haki na huruma.

Wa pili, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu. Ila angalia inakokwenda. Watu wanazipenda mahakama hizo kwa ardhi, madeni na mirathi. Hakuna anayesafiri kwenda kuomba mkono wa jirani yake ukatwe. Maana yake wangeweza kutawala kwa kesi za madai peke yake, na bado Juni 2009 mjini Mogadishu wakawakata vijana wanne mkono na mguu hadharani kwa wizi wa simu na bunduki. Kesi ya ardhi inawapa wateja. Uwanja wa adhabu unawapa woga. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ilipomtia hatiani mmoja wa vigogo wa polisi wa Kiislamu wa Timbuktu mwaka 2024, akahukumiwa kifungo cha miaka 10, moja ya makosa lilikuwa watu kupewa adhabu bila hukumu ya mahakama iliyoundwa ipasavyo.

Taliban nao: Desemba 2022 mkoani Farah, muuaji alipigwa risasi na baba wa aliyeuawa. Hicho ni kisasi, na katika kisasi familia ina haki ya kusamehe au kuchukua dia, yaani fidia ya damu. Swali langu kwa wanaowatetea: familia inayosukumwa mbele ya umati na viongozi wa serikali waliokuja kutazama, inasamehe vipi?