Harusi ya mdogo wangu imekaribia na mimi sihimili kelele. Nishaurini jamani

BintiMkomani
Asalaam aleikum. Maelezo yangu ni marefu kidogo, naomba mnivumilie.

Nina miaka 27, nakaa Mkomani hapa Lamu, kazi yangu kushona kofia. Kofia moja ya vito, yaani vitundu vya kutariziwa, hunichukua miezi mitatu, na kwa kazi hiyo nasifiwa, kwa sababu naona tundu lililokwenda kombo kabla mteja hajaliona. Tatizo ni kwamba tangu utotoni kila kitu kinaniingia kwa nguvu kuliko wenzangu. Punda akilia uchochoroni nashtuka mpaka sindano inanichoma. Lebo ya nguo shingoni lazima niikate. Mtu akigombezwa mbele yangu, hata kama hayanihusu, usiku ule silali. Na maulidi yakisomwa, matari yanapoanza polepole, nalia kwa raha nisiyoweza kuieleza. Hilo nalo nalitaja kwa sababu sitaki mfikiri ni mateso matupu.

Nyumbani naitwa mdeko. Nilipokuwa na miaka kumi nilinyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani, siku saba, na harufu ya zafarani naikumbuka mpaka leo. Sina kinyongo na hilo, walifanya kwa mapenzi.

Miezi miwili iliyopita ilikuwa kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumtoa bibi harusi, kwa binti wa shangazi yangu. Nikapata kiti karibu na spika iliyosimama kama kabati. Udi, manukato ya kila aina, taa za kuwaka na kuzima, na mama mmoja nyuma yangu anapiga vigelegele sikioni. Nikaanza kuhesabu shanga za mkono wa gauni langu ili nipate kitu kidogo cha kushikilia. Nilifika arubaini na moja. Kisha vidole vikafa ganzi, machozi yakaja yenyewe, nikatoka bila kuaga, viatu mkononi, mpaka kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, la nyumba ya bibi. Nikakaa gizani, shavu ukutani. Ule ukuta wa mawe ulikuwa baridi, na hapo ndipo pumzi iliponirudia.

Kesho yake shangazi akamwambia mama kwamba nina wivu, kwa kuwa mdogo kwangu ameolewa na mimi bado. Mama hakujibu kitu. Kimya chake kiliniumiza kuliko maneno ya shangazi.

Sasa mdogo wangu wa tumbo moja anaolewa baada ya Idi, shughuli siku tatu, na mimi ndiye dada mkubwa. Na kuna jingine. Mtoto wa kaka yangu, ana miaka 6, huziba masikio jenereta ya jirani ikiwashwa. Juzi mama yake alimfinya mbele yangu akamwambia, "Acha mambo ya shangazi yako." Shangazi yake ni mimi.

Je, hii hali ina jina? Nijilazimishe tu nizoee? Na mama nimwambieje?

Kaskazi_80
Pole sana dada. Nakaa hapa nisubiri wenye ujuzi.

FundiMatondoni
Wa aleikum salaam. Mimi ni fundi wa majahazi, nasema nilijualo. Usizibe masikio kwa pamba, pamba haizuii kelele ya maana. Tafuta vile vizibo vya povu, uliza duka la dawa. Unakisokota kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba, unavuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, unakitia, unakishikilia mpaka kivimbe. Wengi wanakosea hapo, wanakisukuma tu kinatoka. Hutakuwa kiziwi, utasikia watu wakikuita, lakini ule mshindo wa spika utapungua. Mimi hutumia tukiwa na randa ya umeme, na jioni narudi nyumbani kichwa kikiwa chepesi. Chini ya mtandio hakuna atakayejua.

UmmiHana
Kaka Fundi, kwenye kupamba ni wanawake watupu, buibui na mitandio tunavua. Dada, mwambie msusi akushushie nywele juu ya masikio. Nami nimewahi kufanya hivyo na hakuna aliyegundua.

AbuSalim
Binti yangu, usiache nyiradi za asubuhi na jioni, na ukiona yamezidi tafuta mtu mcha Mungu akusomee. Vitu vingine si vya hospitali.

MuuguziMalindi
Sheikh, maneno yako nayapokea, dua haina mshindani. Ila dada asibebeshwe hofu kwamba ana kitu kimemwingia. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiingia kwenye sala na nia ya kuirefusha, akisikia mtoto analia anaifupisha, kwa kumhurumia mama yake. Sauti ya mtoto mmoja ilitosha kubadilisha sala ya msikiti mzima. Basi mtu kuumizwa na sauti, na wengine kumpunguzia, halikuanza kwetu.

Dada, kwa swali lako la jina. Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni watu wepesi wa kuhisi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, alianza kuyaandika hayo miaka ya 1990, na alikadiria kwamba katika kila watu 100 wapo kama 15 hadi 20 wa namna hiyo. Ubongo wao hupokea mengi na huyachambua kwa kina, kwa hiyo huchoka mapema. Hiyo ni tabia ya kuzaliwa kama urefu, haimo kwenye orodha ya maradhi, na hakuna dawa yake kwa sababu hakuna kinachotibiwa.

La pili ni usonji (autism), na pia ADHD, ile hali ya kushindwa kutulia na kukaza fikra, ambapo akili yenyewe imejengeka kwa mpangilio wake tangu tumboni. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, uliingiza suala la sauti, mwanga na mguso kati ya alama za usonji. Lakini kelele peke yake haitoshi kumwita mtu ana usonji. Wataangalia mazungumzo na watu, mazoea ya kurudiarudia, namna unavyopokea mabadiliko ya ghafla, na utoto wako wote. Mimi siwezi kukupima hapa, na yeyote atakayekupima kwa maandishi usimwamini. Uliza hospitali ya kaunti kama kuna daktari wa akili au mshauri nasaha anayeona watu wazima.

Na nikuulize kama muuguzi, usikasirike. Unalala? Unakula? Hisia kali ni jambo moja, na huzuni iliyokaa wiki nyingi ni jingine, tena hiyo ina tiba. Yakikuzidi usiku, Msalaba Mwekundu wa Kenya wana nambari ya bure, 1199.

BintiMkomani
Shukran sana. Nakula, alhamdulillahi. Kulala ndiyo shida tangu shangazi aseme yale. Sina fikra za kujidhuru, nashukuru umeuliza, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

Mpwani_34
Nimesoma hapo kwenye kuhesabu shanga nikaweka simu chini kwanza.

Mimi ni mwanamume wa Malindi, na niliambiwa nina usonji nikiwa na miaka 34, nimeshaoa, nina watoto wawili. Kabla ya hapo nilijiona mbovu. Nikienda hitimani au harusini najua kucheka pale wanapocheka, najua kumwangalia mtu machoni kwa muda unaotosha kisha niondoe. Yote hayo nilijifunza kwa kuwatazama wengine, kama mtu anavyojifunza lugha ngeni. Nikirudi nyumbani nalala siku nzima sina nguvu ya kunyanyua kikombe. Nilikuwa nikiita uvivu. Mke wangu alikuwa akiita kiburi. Siku nilipojua ni uchovu wa kuigiza, nililia, halafu nikaanza kuupangia: nikiwa na harusi Jumamosi, Jumapili siweki ahadi na mtu.

Umeuliza ujilazimishe uzoee. Mimi nilijilazimisha miaka ishirini, na sikuzoea, nilijifunza kuficha tu, na kuficha ndiko kulikoniletea maradhi. Kuzoea kwa mtu kama sisi kunakuja kwa dozi ndogo na mlango ukiwa wazi. Ukijua unaweza kutoka, unakaa muda mrefu zaidi.

Ila na hili nikwambie kwa mapenzi. Hilo jina, liwe wepesi wa kuhisi au usonji, usilijengee ukuta ukajifungia. Mimi mwaka wa kwanza nilikataa kila mwaliko, nikasema hali yangu hairuhusu. Nikakosa hitima ya rafiki yangu wa utotoni. Mpaka leo inaniuma, na haikuwa kelele iliyonizuia, nilikuwa nimenogewa na sababu.

MzeeLangoni
Mwanangu, mimi sina elimu ya madaktari lakini najua nyumba za mji huu. Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka mlangoni, ukiingia tekani pa kupitia, kisha kiwanda, yaani ua wa katikati, kisha vyumba virefu, msana wa tini na msana wa yuu, na mwisho ndani. Kila hatua ni kimya zaidi ya iliyopita. Wazee hawakujenga hivyo kwa kukosa kazi. Walijua mtu hawezi kuishi uwanjani saa zote, na mgeni wa daka si lazima afike ndani. Bibi yangu alikuwa hakai na watu zaidi ya muda wa kahawa. Huaga, huingia ndani kwenye zidaka zake, vile vishubaka vya ukutani, na hakuna aliyesema ana maringo. Ilikuwa ndiyo desturi yake.

Zamani harusi ilikuwa vugo, ngoma ya kugonga pembe, na nyimbo za wanawake, mchezo unakwenda na kusimama, watu wanapumua. Spika haipumui. Kwa hiyo usiseme wewe ndiye uliyeharibika.

Na nikupe moja la mjini. Punda mwepesi wa kushtuka, mwenye akili hampigi. Humpitisha njia ya nyuma, uwanjani Mkunguni humpeleka alfajiri kabla watu hawajajaa, na mzigo unafika. Nausifu ujuzi wa mwenye punda. Jipitishe njia ya nyuma, mwanangu, mradi mzigo wa mdogo wako ufike.

Usiende kwa mama yako na neno siwezi. Nenda umwombe kazi. Harusini mwenye kazi haulizwi yuko wapi.

MamaTwalha
Nimekuja kwa ajili ya huyo mtoto. Tafadhali zungumza na wifi yako, na usizungumze naye mbele za watu. Mtoto anayeziba masikio anajisaidia mwenyewe, ni akili hiyo. Ukimfinya, anajifunza kwamba maumivu yake ni makosa, na atayaficha mpaka siku yalipuke. Wangu nilimfinya pia, kwa hiyo simlaumu wifi yako, nilikuwa naona haya mbele ya majirani.

Kitu kilichonisaidia ni kumwonya mapema. "Jenereta itawashwa sasa hivi, ziba." Akijua inakuja, haogopi nusu ya alivyokuwa anaogopa. Na kama kuna mengine, kachelewa kusema au anapata tabu na wenzake shuleni, vipo vile vituo vya tathmini vya wizara ya elimu, EARC, vilianzishwa tangu 1984 na kazi yao ni kuangalia watoto. Muulize mwalimu wake.

AbuSalim
MuuguziMalindi, umenifundisha. Sikuwa nimeiangalia ile hadithi kwa upande huo. Binti yangu, niwie radhi.

BintiMkomani
*(wiki sita baadaye)*
Nimerudi na mrejesho.

Nilimfuata mama siku anakuna nazi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikasahau yote. Nikamwambia, "Mama, kelele zinaniuma mwilini kama jino. Nipe kazi ya jikoni siku ya kupamba, nitatoka kumtunza mdogo wangu kisha nirudi." Aliendelea kukuna mpaka ile nazi ikaisha. Akachukua kizio kingine. Halafu akasema, "Unafikiri mimi kila harusi hukaa jikoni kwa sababu gani?"

Miaka 27 nimekaa na mama yangu na sikujua. Nilimuuliza kwa nini hakumjibu shangazi siku ile. Akasema aliogopa akifungua mdomo angelia, na shangazi angetusema sote wawili.

Siku ya kupamba nilivaa gauni la pamba lisilo na shanga shingoni, nywele zimeshushwa, vizibo ndani. Niliingia mapema kabla spika haijafunguliwa, nikakaa karibu na mlango, si karibu na jukwaa. Mdogo wangu alipotolewa nilikuwepo, nilimtunza, nilipiga picha naye. Nilikaa kama dakika arubaini. Katikati vidole vilianza ganzi, nikaenda jikoni nikapanga sambusa kwenye sinia, nikarudi mara moja tu. Siku ya tatu sikuamka kitandani mpaka adhuhuri, na mama aliniletea chai bila kuuliza.

Shangazi bado hajasema nami vizuri. Namuamkia, anaitikia, basi.

Wifi nilizungumza naye tukiwa wawili tu. Hakukubali yote, ila kufinya ameacha. Usiku ule wa kupamba aliniletea mtoto jikoni mwenyewe, masikio kayaziba, machozi yamemjaa. Nikamchukua mpaka kwenye daka la bibi, nikampa kofia niliyokuwa naishona, tukahesabu vito kwa kidole. Tulikuwa tumefika mia mbili na kitu alipolala begani kwangu.

Hospitali nimepangiwa mwezi ujao, nitakwenda. FundiMatondoni, vile vizibo vinauzwa kwa pakiti? Nilinunua pea mbili, na moja mama ameichukua.