Mrejesho: Subaru Impreza iliyokuwa inalala kwenye kona

Habari zenu. Mwezi uliopita niliuliza kama nifunge stabilaiza nene (kile chuma kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale kwenye kona) na bomba la kuunganisha vichwa vya shokabsoba za mbele, maana gari langu lilikuwa linalala mno kwenye kona za kuteremkia Mai Mahiu. Asanteni sana, hasa mlionisihi nikague chini kabla ya kununua chochote.

Mlisema kweli. Fundi alilipandisha, akashika linki ya stabilaiza ya nyuma, kile kijiti kinachoishikilia mwishoni, kwa vidole viwili, ikacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Bushi nazo, zile raba za kwenye maungio, zilikuwa zimepasuka. Nilipata mpya kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, na hizo peke yake zilimaliza nusu ya shida. Ile ko-ko-ko ya kwenye matuta imekwisha.

Kisha nikafunga stabilaiza ya nyuma ya milimita 20 badala ya 17. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ugumu wa chuma hicho hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wake, kwa hiyo ni karibu mara mbili. Sasa pua ya gari inafuata usukani, nimefurahi mno! Ila tairi moja ikiingia shimoni, upande wa pili nao unatikisika.

Bomba la mbele sikuona faida yake kwa mwendo wa kawaida.

Mkibadilisha bushi za amu (vyuma vinavyoshikilia magurudumu), bolti zikazwe kabisa gari likiwa limekanyaga chini. Zangu zilikazwa likiwa juu ya jeki, raba ikabaki imejisokota, tukarudia kazi yote.