Naambiwa transfoma ya mtaa imejaa ndio maana sola yangu haikubaliwi. Imejaa vipi?

Mama Wawili (Tororo)
Habari zenu jamani. Nyumba yetu iko huku Tororo upande wa kwenda Malaba, tuko kwenye laini, tunanunua Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, kama watu wote. Mzee alipostaafu tukaamua tuweke sola ya kilowati 5 juu ya mabati, fundi akapiga hesabu akasema mchana tutumie ya jua na inayobaki tuirudishe kwenye laini. Nikapeleka maombi, nimekaa miezi 3, juzi ndio najibiwa ati transfoma ya mtaa imejaa, nipunguze au nisubiri. Sasa mi nashindwa kuelewa. Transfoma ikijaa si ni kwa sababu watu wanavuta sana? Mimi sivuti, mimi naleta, si ningekuwa nawapunguzia mzigo? Na hapahapa Tororo kuna ile mitambo ya sola ya megawati 10 tangu 2017, yenyewe ilikubaliwaje? Na bwawa la umeme la Karuma juzijuzi limeongeza megawati 600, nchi ina umeme halafu mimi kilowati 5 zinanikwamisha. Mkopo wa Sacco nishachukua na riba inatembea, naombeni mnieleweshe.

Fundi Walukuba (Jinja)
Shikamoo mama. Swali lako ni la maana sana, wateja wangu karibu wote wanauliza hivo. Karuma iachie mbali kwanza, umeme wake unatoka kule kwa volti 400,000 mpaka Kawanda, na ile mitambo ya sola ya hapo kwenu imeunganishwa kwenye laini ya volti 33,000. Wewe uko kwenye waya wa mwisho kabisa, ule wa 240 unaopita nguzo za mtaani, na huo ndio unaamua mambo yako, hata nchi iwe na umeme wa kumwaga.

Transfoma hujaa mara mbili kwa siku, kila saa kwa namna yake. Saa mbili usiku watu wote wako nyumbani, pasi, taa, tivii, wanavuta, na hapo sola yako haisaidii maana jua lishazama. Saa saba mchana ni kinyume, watu wako kazini, watoto shule, nyumba nyingi ni friji tu, na wewe ndio unatoa kilowati nne na nusu ambazo mtaa hauna pa kuziweka.

Umeme wako ili utoke nyumbani lazima volti ya kwako ipande juu ya ile ya laini. Chukua nyumba iko mita 400 toka kwenye transfoma, waya ni alumini wa milimita 50 za mraba, kwenda na kurudi ni kama nusu omu hivi. Ukisukuma ampea 20, volti inapanda 10. Waya ukiwa mwembamba wa 25 inapanda karibu 20. Na transfoma nyingi zimewekwa juu kidogo ili yule wa mwisho wa laini usiku apate umeme wa kutosha, kwa hiyo ukianzia 245 unajikuta 255. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa nyumbani, nyingi zinazokuja huku zimepangwa za 230 na zinajizima zikifika 253, basi utalipa paneli halafu saa saba jua kali inveta imelala. Na ile 255 haibaki kwako, inaingia kwa friji ya jirani. Kama kuna wenzako wawili watatu walishaunganisha kabla yako kwenye waya huohuo, nafasi wameimaliza wao.

Abu Bombo
Fundi umeeleza vizuri lakini mi roho inaniuma. Sisi mtaani tuliambiwa hivohivo imejaa, tukachangishana nyumba kwa nyumba, transfoma ikaletwa, pesa yetu lakini mali si yetu, na mwaka haujaisha wameunganisha watu wengine juu yake tukarudi palepale. Mama usichange hata shilingi bila karatasi. Waulize transfoma ni ya kVA ngapi, yaani ukubwa wake, mchana inabeba ngapi, sola ngapi zimeshaunganishwa, wakujibu kwa maandishi. Wakikaa kimya msimamizi wa kampuni za umeme ni ERA, peleka huko.

Niko Adelaide
Dada mimi niko Australia, huku kila paa lina paneli na shida ni hiyohiyo. Hapa South Australia wanakuchagulisha, ama utoe kilowati 1.5 tu siku zote, ama ukubali inveta iongee na kampuni ya laini kwa intaneti, wakati laini ina nafasi unatoa mpaka 10, ikijaa wanakushusha. Kwa hiyo kukataliwa sio kwamba mtu anakuonea, ila huku angalau wanakupa njia ya katikati na hiyo ndio ungeidai.

Fundi Walukuba
Abu nakubaliana na wewe kwenye karatasi. Mama, njia ya katikati hata hapa ipo: omba upya lakini sema hutarudisha chochote. Inveta ya haibridi, ile inayotumia jua, betri na laini pamoja, ina kisensa kinachobana waya unaotoka kwenye mita, kikiona umeme unataka kutoka kinaipunguza papo hapo. Halafu pesa uliyotaka kuweka kwenye paneli nyingi weka kwenye betri, ile ya mchana uile saa mbili usiku. Na hata ungekubaliwa, mita nyingi za kulipia kabla hazijui umeme unaenda upande gani, zinakata yuniti vilevile, yaani ungewapa umeme na ukawalipa juu. Nimeshaona mtu yuniti zinaisha mchana wa jua kali na hajawasha kitu. Jambo jingine, inveta ya gridi isiyo na betri umeme ukikatika nayo inazima, ni lazima, mafundi wa laini wasiuawe kwenye nguzo. Na fundi wako muulize kibali cha ERA.

Mama Wawili
Marahaba mwanangu. Hilo la yuniti hakuna aliyeniambia, wala la kuzima umeme ukikatika, na mimi sola nilikuwa naitakia hasa huko kukatika. Basi paneli napunguza naongeza betri. Mzee ana kale kamita ka kupimia volti, kesho saa saba naweka kwenye soketi ya jikoni nilete namba hapa.

Fundi Walukuba
Pima na saa mbili usiku pia, zote mbili ziandike.