Foleni fupi, mbio nyingi

Mama Neema: Shikamoo mwalimu, hamjambo wote. Mazoezi ya watoto yanaanza wiki ijayo, wako 40 na mpira ni mmoja. Tuchangie mingapi?

Mwl. wa Michezo: Marahaba Mama Neema. Mipira isubiri kwanza. Kinachowanyima watoto mazoezi ni foleni. Mtoto anakimbia sekunde 10 kwenda na kurudi. Wakiwa 20 kwenye mstari, zamu yake inarudi baada ya sekunde 200. Kwa dakika 30 anapata zamu 9, yaani amekimbia dakika moja na nusu tu.

Mwl. wa Michezo: Sasa wagawe mistari 10 ya watoto 4. Zamu inarudi kila sekunde 40, anakimbia mara 45, jumla dakika 7 na nusu. Uwanja uleule, watoto walewale.

Baba Juma: Duh! Na huo mpira je? Wanaoujua wanauhodhi, wengine wanabaki kutazama.

Mwl. wa Michezo: Wanne kwa wanne, kiwanja kidogo cha mita 20 kwa 15, bila golikipa, mistari ya majivu inatosha. Wacheze dakika 5, wapishane na walioko kwenye kamba za kuruka. Na ile michezo ya "ukiguswa unatoka" tuiache kabisa. Wa kwanza kutoka huwa ndiye aliyehitaji kukimbia kuliko wote. Akiguswa awe mkimbizaji, mchezo uendelee.

Nesi Halima: Nakazia hapo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za kiasi hadi nzito, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na shughuli nzito, pamoja na za kuimarisha misuli na mifupa, kama kuruka. Si lazima ziwe mfululizo. Kutembea kwa kasi kwenda shule kunahesabika. Kipimo hakihitaji mashine: akiweza kuongea lakini hawezi kuimba, ni kiasi. Akikatika pumzi kila baada ya maneno machache, ni zito.

Mama Neema: Kamba tukate urefu gani?

Mwl. wa Michezo: Mtoto akanyage katikati ya kamba, avute ncha juu, zifike kwapani. Wa miaka 7 hadi 10 wengi watatosheka na mita 2 na sentimita 10. Ikizidi inaburuta chini na kumnasa mguu, ikipungua inampiga kichwani. Unene milimita 8 hivi. Nyembamba mno haina uzito wa kuzunguka. Ncha fungeni fundo, zisifumuke.

Baba Juma: Fupi 12 ni mita 25 na ushee. Ndefu 2 za mita 5, nyingine 10. Tuchukue mita 36.

Nesi Halima: Maji ya kunywa na ya kunawa yatengwe, tafadhali. Kwa ya kunawa tufunge kibuyu chirizi karibu na choo, yaani dumu linaloning'inia, mtoto analiinamisha kwa kukanyaga kijiti kilichofungwa kwa kamba. Dumu la lita 5, tundu la milimita 2 hadi 3 kwa msumari wa moto, sentimita 10 chini ya mfuniko. Juu kabisa karibu na mkono toboa kingine kidogo cha hewa, bila hicho maji yanakwama. Maji yaishie chini ya tundu, yasivuje dumu likiwa wima.

Baba Juma: Kamba ya kukanyagia huwa inalegea, mtoto anakanyaga hadi chini na dumu halijainama.

Nesi Halima: Ndiyo kosa la kawaida. Ncha ya kijiti ining'inie sentimita 15 kutoka ardhini, na msiifunge chini. Sabuni itobolewe, itundikwe kwa uzi. Chini mwage kokoto, pakiwa tope hakuna atakayenawa. Sekunde 20, sabuni hadi katikati ya vidole.

Mama Neema: Mwenye pumu akae pembeni?

Nesi Halima: Hapana, asitengwe. Apashe mwili taratibu dakika 10. Kama daktari amemwandikia dawa ya kuvuta kabla ya mazoezi, avute dakika 10 hadi 15 kabla, na iwe mkononi mwa msimamizi, si kwenye begi darasani. Kifua kikianza kulia asimame, aketi wima, avute. Isipotulia, hospitali mara moja.

Mwl. wa Michezo: Na kukimbia kusiwe adhabu hata siku moja. Ukimkimbiza mtoto kwa kuchelewa, umemfundisha kuchukia mbio. Uzito nao usitajwe mbele ya wenzake.

Mama Neema: Wasio na viatu?

Nesi Halima: Wacheze. Peku ni afadhali kuliko kandambili, maana zile zinateleza na kukunja kifundo cha mguu. Ila uwanja ufagiliwe kila siku kabla ya kuanza, vioo na misumari iokotwe, na tukae mbali na choo. Minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya nyayo kutoka udongo wenye kinyesi. Siku ya dawa za minyoo shuleni, kila mtoto awepo.

Baba Juma: Ufagio na ndoo nitaleta mimi. Saa ngapi?

Mwl. wa Michezo: Kumi na nusu, jua likishapoa. Kila dakika 15 napiga filimbi ya maji, asiyesikia kiu naye anywe.