Nyumba za walowezi wa kwanza Nebraska na Kansas, kuna zilizobaki?

Binti_Nyika: Wakuu habari zenu. Mwezi wa sita nitakuwa Marekani, majimbo ya Nebraska na Kansas, kama siku nne hivi, gari ninalo, nataka kuona majengo ya wale watu wa mwanzo waliokuja kulima kule kwenye nyasi miaka ya 1860 na kuendelea. Picha za nyumba za udongo nimeziona nyingi ila nikiuliza zilipo naambiwa zimeisha, ni kweli au mimi ndo sijui kutafuta? Nataka kitu halisi sio cha kujengwa juzi.

Mzee_wa_Plau: Dada ni kweli, nyingi zimerudi ardhini. Miti kule ilikuwa ya kutafuta kwahiyo watu walikata ardhi yenyewe kwa plau, mizizi ya nyasi imeshikana kama mkeka, wanapanga vipande majani yakiangalia chini mpaka ukuta unakuwa unene wa sentimita 60 hadi 90. Baridi ikija ndani pana joto, ila mvua ikinyesha paa linadondosha matope hata baada ya mvua kukatika, akinamama walikuwa wanatundika kitambaa juu ya kitanda. Mtu akipata hela ya mbao anahama na ile nyumba inaachwa inyeshewe.

Nenda karibu na mji wa Beatrice, Nebraska, kuna hifadhi ya taifa kwenye shamba la Daniel Freeman, alijiandikisha kupewa ardhi 1 Januari 1863, siku ileile sheria ya serikali ya kugawia walowezi ekari 160 (Homestead Act) ilipoanza kazi. Kibanda cha magogo cha 1867 kimehamishiwa pale kutoka kwingine, lakini shule ya matofali ya 1872 ipo palepale ilipojengwa na watoto wamesoma humo mpaka 1967!

Kaka_Ramani: Naongezea, ardhi hiyo haikuwa tupu, ni kwao Wapawnee, Waotoe na wenyeji asili wengine waliosukumwa nje, ukisimama pale kumbuka na hilo.

Mama_Safari: Mdogo wangu usirudi bila kufika Nicodemus, Kansas, nakuomba. Ni mji ulioanzishwa na watu weusi waliotoka Kentucky 1877, wengi wamezaliwa utumwani. Mama mmoja, Willianna Hickman, alifika 1878 akauliza mji uko wapi, mumewe akamwonyesha moshi unaotoka ardhini, maana watu walikuwa wanaishi kwenye mashimo, basi akaanza kulia. Mimi kila nikiisoma hiyo nanyamaza kwanza. Wakajenga, wakawa na hoteli, makanisa, ila 1888 reli ikapita ng'ambo ya mto Solomon na wenye maduka wakaifuata. Yamebaki majengo matano, kanisa la AME (African Methodist Episcopal, la Wamethodisti weusi) la mawe ndo la kulitazama kwa utulivu.

Binti_Nyika: Aisee dada asante, Nicodemus sikuwahi kuisikia kabisa. Naweka siku nzima huko.

Mama_Safari: Basi kama likizo inakubali sogeza safari hadi mwishoni mwa mwezi wa saba, ndo wajukuu wa wale waanzilishi wanarudi kila mwaka kusherehekea, utawakuta wenyewe.